Fahamu: Conspirare, pumzi iliyozaa njama

Watu wanaposhtakiwa kwa kula njama, Kiingereza huliita kosa hilo kwa neno lililotokana na Kilatini: conspirare. Con ni pamoja. Spirare ni kupumua, au kuvuma kama upepo. Kupumua pamoja, basi, yaani kuwa na nia moja. Hapo hakuna uovu wowote, na Warumi wenyewe walilitumia neno hilo hata kwa sifa.

Mwaka 63 KK, akilihutubia baraza la Seneti dhidi ya mwasi Catilina, mwanasiasa Mrumi Cicero aliuita umoja wa raia wema conspiratio. Uasi wa Catilina ulikuwa na jina jingine, coniuratio, yaani kiapo cha pamoja.

Lakini nia moja hutumika kwa mema na kwa mabaya. Mwanahistoria Suetonius, akisimulia mauaji ya Julius Caesar ya Machi 15, 44 KK, anasema zaidi ya watu 60 walikula njama, na kitenzi chake ni hichohicho, conspirare. Walimzunguka Caesar alipoketi, wakijifanya wanampa heshima. Mmoja wao, Cimber, akamshika joho mabegani, ndipo visu vikaanza. Maana hii ya kiza ndiyo iliyoota mizizi, hadi kwenye sheria za leo, ambako kosa la njama huhitaji makubaliano ya watu wawili au zaidi.

Spirare ina jamaa wengine. Exspirare ni kutoa pumzi, na pia kukata roho. Spiritus ni pumzi na roho. Humo ndimo ilimotoka spiriti inayopakwa kabla ya sindano.