Taa ya Tangi la Samaki katika Nyanda za Karuba

Mtu aliyepata kusimama usiku wa kiza kwenye ufuo wa Ziwa Kivu, huko chini ya Sake ambako njia itokayo nyanda za Karuba huteremkia, ameyaona maji yakitapakaa mianga, nayo si mianga ya mji, bali ni karabai na taa za betri za wavuvi wa sambaza, waliofunga mitumbwi yao mitatu mitatu kwa miti mirefu na kuutandaza wavu chini yake. Samaki huyo si mzaliwa wa Kivu. Aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, akaja na tabia yake ya kuifuata nuru, kwa kuwa vijidudu vinavyoelea majini, ambavyo ndivyo chakula chake, navyo huikusanyikia. Mbalamwezi ikiwa kali, wavuvi aghalabu hupumzika, maana taa yao haivuti tena. Basi ikiwa taa yaweza kulitawala kundi zima la samaki ziwani, itakuwaje ikitundikwa shubiri moja tu juu ya tangi la kioo lenye lita 60, ambamo samaki hana pa kukimbilia?

Swali hilo ni nadra kuulizwa na wanunuzi. Aghalabu mtu huichagua taa dukani kwa namna inavyompendeza yeye, akaiona ile yenye kung'aa kupita nyingine au ile yenye kubadili rangi saba kwa kidude cha mkononi, akailipia na kwenda nayo, ilhali samaki hana haja kubwa na nuru, na mwenye haja nayo hasa ni mmea. Samaki yamtosha kuyaona maskani yake na chakula chake, na kujua mchana umeingia na usiku umefika. Yeye hana kope za kufumba, na taa kali iwashwapo ghafula chumbani mwenye giza humtia hofu hata akajigonga kiooni au akaruka nje ya tangi lisilo na kifuniko. Kwa hiyo ni vema kuwasha kwanza taa ya chumba, na baada ya dakika kadhaa ile ya tangi, na jioni kuzima kwa utaratibu wa kinyume chake.

Samaki wa bonde la Kongo wanalidhihirisha jambo hili. Yule mdogo mwenye mapezi marefu ambaye wataalamu humwita Phenacogrammus interruptus, anayefugwa Ulaya na Marekani kwa uzuri wake, hutoka katika maji ya msituni yaliyofifia kama chai isiyo na maziwa. Ukimwekea nuru kali ya kumwangukia moja kwa moja hupauka na kujibanza, bali ukiifanya nuru iwe ya wastani, ikachujwa na majani, ubavu wake hutoa buluu, dhahabu na kijani kwa pamoja. Naye kambare mdogo Synodontis nigriventris, aogeleaye tumbo likiwa juu, hatoki mafichoni ila giza likiingia. Wapo walio kinyume: samaki wa jamii ya Tropheus, wakaao kwenye miamba ya Tanganyika, hula mwani unaoota juu ya mawe, na wafugaji wao huwawekea taa kali kwa makusudi ili mawe yaote chakula. Lakini huo ni ufugaji wa watu waliokwisha kubobea.

Tuje kwenye mimea. Mmea huishi kwa usanisinuru, na kipimo cha nuru cha kuanzia ni lumeni kwa kila lita ya maji. Kwa mimea isiyo na matakwa makubwa, lumeni 15 hadi 20 kwa lita hutosha. Mimea ya wastani hutaka 25 na kuendelea. Na yule atakaye zulia la majani mekundu na mafupi huhitaji zaidi ya 50, pamoja na mbolea na hewa ya ukaa ya kutiwa kwa chupa, gharama ambayo mimi sioni maana yake kwa nyumba ya kawaida. Tangi letu la lita 60 basi litatosheka na lumeni 900 hadi 1,200, nazo hupatikana kwa taa ya LED ya wati 10 au 12. Tazama pia rangi ya nuru, ambayo hupimwa kwa kelvini na kuandikwa juu ya kasha: 6,500 ni weupe wa adhuhuri, nao huifaa mimea na macho ya watu, 3,000 ni umanjano wa taa ya kitandani, na zile za buluu tupu zilitengenezwa kwa matumbawe ya baharini, hazina kazi katika maji baridi.

Mmea wa kuanzia uwe Anubias, ambao asili yake ni vijito vya misitu ya Afrika ya Magharibi na Kati, Kongo ikiwamo. Jani lake ni gumu, la kijani kizito, nalo huota polepole mno, pengine jipya moja tu kwa mwezi. Na ndiyo sababu ya kutoupenda mwanga mkali, kwani jani likaalo muda mrefu chini ya taa kali huvikwa vidoa vyeusi vya mwani visivyotoka hata ukilisugua kwa kidole. Mwani ndiye adui wa kila mwenye kuzidisha nuru. Huanza kwa utando wa kahawia katika tangi jipya, jambo lisilo la kuogofya, kisha huja vitone vya kijani kiooni, na nuru ikizidi maji yenyewe hugeuka kijani hata samaki asionekane. Wengi hapo hukimbilia dawa, ilhali tiba ya kwanza ni kupunguza saa: tangi jipya lipate saa sita kwa siku, na baadaye saa nane, si zaidi ya kumi.

Kwa mkaazi wa Karuba hesabu haiishii hapo. Umeme wa mitambo ya Matebe, iliyoanza kazi mwaka 2015 huko Rutshuru, huwasha nyumba za Goma, lakini katika vilima vya Masisi, iliko Karuba, watu wengi hutegemea paneli ya jua na betri. Taa ya wati 12 iwakayo saa nane hula wati-saa 96. Betri ya volti 12 na ampea-saa 20 hubeba 240, na kwa kuwa betri ya risasi haifai kukamuliwa kupita nusu, hubaki 120 za kutumia: yatosha, paneli ikiwa ya wati 50. Masika yakifunga mawingu, siku mbili za giza hazimdhuru samaki wala mmea. Kinachodhuru ni baridi ya usiku wa nyanda za juu, kwa sababu LED haitoi joto la maana, na kipasha maji hula umeme mara nyingi zaidi ya taa. Afadhali kufuga samaki wa dhahabu, ambaye baridi haimsumbui.

Asiye na paneli na aweke tangi karibu na dirisha, lakini achague dirisha lake. Karuba iko takriban nyuzi moja na nusu kusini mwa ikweta, hivyo madirisha ya mashariki na magharibi hupigwa na jua mwaka mzima na kuotesha mwani, ilhali la kaskazini au kusini hupata jua la moja kwa moja nusu ya mwaka tu, na mita mbili ndani ya chumba nuru hiyo huutosha Anubias.

Waya wa taa uuache uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji litakaloufuata lidondoke sakafuni. Na fedha ikikutosha kwa kimoja tu, taa kubwa zaidi au betri bora zaidi, nunua betri.