Unaomba kazi ya usimamizi wa shamba? Acha daftari lako liongee

Msimu ukikataa au mtaji ukikata, vijana wengi wanaolima kibiashara huomba kazi ya usimamizi kwenye mashamba makubwa ya mboga na maua kule Arusha na Kilimanjaro. Wala si aibu. Unapata mshahara, unajifunza mifumo ya wenzako, kisha unarudi kwako na mtaji.

Shida inaanza kwenye usaili. Kijana amelima nyanya misimu minne. Anaambiwa, "Tueleze kuhusu wewe," anajibu, "Mimi ni mchapakazi, najituma." Basi. Kazi anapewa mwingine, pengine ambaye hajawahi hata kupambana na kantangaze. Ndugu yangu, uchapakazi kila mtu anaudai. Wewe una shamba, litumie.

1. Ongea kwa namba
Usiishie kusema "nina uzoefu wa nyanya". Sema ni ekari ngapi, mbegu gani, ulivuna kreti ngapi, ulisimamia vibarua wangapi, kila kreti ilikugharimu shilingi ngapi na uliuza wapi. Nenda na daftari lako la shamba, pamoja na picha kwenye simu. Kama huna daftari, anza leo.

2. Jiandae kwa hesabu za shambani
Mfano: "Ekari moja, nafasi ya sentimita 75 kwa 60, inahitaji miche mingapi?" Ekari ni mita za mraba 4,047. Mche mmoja unachukua 0.75 × 0.60, yaani mita za mraba 0.45. Ukigawanya unapata takriban miche 9,000. Kisha ongeza: "Kitaluni nitaotesha zaidi kidogo, kwa ajili ya kujazia mapengo." Hapo ndipo wanajua umelima kweli. Piga hesabu kwa sauti ili wasikie unavyofikiri.

3. Hasara usiifiche
Ukisema hujawahi kupata hasara, nani atakuamini? Ieleze kwa mpangilio: tatizo, ulichofanya, ulichobadilisha, matokeo. Kwa mfano: "Kantangaze waliniingilia kwa sababu nilikuwa napiga dawa ile ile kila mara. Msimu uliofuata niliweka mitego ya feromoni mapema, nikabadilishana dawa zenye viambato tofauti na kuteketeza masalia. Matunda yaliyotobolewa yakapungua." Ila sema lililokutokea wewe. Ukikariri la mwenzako, swali la pili tu litakuumbua.

4. Swali la mtego
"Gari la mnunuzi liko getini, lakini jana mlipiga dawa ya kusubiri siku 7. Utafanyaje?" Shamba linalouza nje linaogopa mabaki ya viuatilifu, maana mzigo mzima unaweza kukataliwa. Jibu ni moja: eneo hilo halivunwi. Unamjulisha bosi, unaonyesha rekodi ya upigaji dawa, na unapendekeza eneo ambalo siku zake zimeshatimia. Hapa wanapima msimamo wako, siyo elimu tu.

5. Na shamba lako je?
Wengi hulificha wakihofia kukosa kazi. Likija kujulikana baadaye, bosi ataanza kuhesabu mifuko ya mbolea stoo. Bora useme mapema: nani anasimamia shamba lako, utakwenda siku za mapumziko tu, na pembejeo unanunua mwenyewe. Anayesema hivyo anaaminika na funguo za stoo.

Mwisho, wakikuuliza kama una swali, usiseme "hapana". Uliza: "Kwa sasa shamba linapoteza zaidi wapi: maji, wadudu au vibarua?" Sikiliza vizuri, halafu fungua daftari lako kwenye ukurasa unaohusu jambo hilo hilo.