Hattie McDaniel na kesi ya Sugar Hill

Ukinunua nyumba ya zamani hapa Los Angeles, soma hati zake zote. Baadhi bado zina sharti la kwamba nyumba isiuzwe wala kukaliwa na mtu asiye Mzungu. Sharti hilo sasa halina nguvu kisheria, na miongoni mwa waliolipinga mahakamani ni mwigizaji tuliyezoea kumwona akiwa amevaa aproni.

Hattie McDaniel alizaliwa Wichita, Kansas, miaka ya 1890. Wazazi wake walikuwa wamezaliwa utumwani. Februari 29, 1940 akawa mtu mweusi wa kwanza kutunukiwa Oscar, kwa kumwigiza mjakazi katika filamu ya Gone with the Wind. Usiku ule, katika hoteli ilikofanyika sherehe ya tuzo, aliketi meza ya kando, mbali na wenzake wa filamu ileile. Hata baada ya tuzo, Hollywood iliendelea kumpa nafasi za ujakazi. Walter White, kiongozi wa NAACP, chama cha kutetea haki za weusi, alizilaumu nafasi hizo kwa kuwadhalilisha watu weusi. Hattie akajibu kwamba afadhali alipwe kwa kuigiza ujakazi kuliko kuwa mjakazi. Aliwahi kuifanya kazi hiyo, kwa hiyo alijua anachokisema. White naye hakukosea, kwa maoni yangu. Ila msimamo wa Hattie tusiutafute kwenye filamu peke yake.

Alikuwa amenunua nyumba West Adams, mtaa wa matajiri ulioitwa Sugar Hill, ambako waigizaji wenzake Louise Beavers na Ethel Waters pia waliishi. Majirani Wazungu walishitaki, wakitegemea sharti lile la kwenye hati, ili weusi wahamishwe. Wakili Loren Miller aliwatetea, na Desemba 1945 Jaji Thurmond Clarke, baada ya kwenda kuutazama mtaa wenyewe, aliitupa kesi kwa kutegemea Marekebisho ya 14 ya Katiba, yanayompa kila mtu ulinzi sawa wa sheria. Uamuzi huo haukufunga nchi nzima. Mwaka 1948 ndipo Mahakama ya Juu, katika Shelley dhidi ya Kraemer, ilipokataza mahakama zote kulisimamia sharti la aina hiyo. Miller alikuwa miongoni mwa mawakili waliosimama pale, pamoja na Thurgood Marshall.

Makaburi nayo yalikuwa na ubaguzi wake. Hattie alipofariki mwaka 1952 kwa saratani ya matiti, alikuwa ameomba azikwe Hollywood Cemetery. Wakamkataa, akazikwa Rosedale. Oscar yake aliiachia Chuo Kikuu cha Howard, ikapotea huko. Nyingine ilikabidhiwa chuo hicho mwaka 2023.