Shibe au njaa, kidole kinabonyeza tu: bangi na mazoea ya ubongo

Ukishuka stejini jioni, hufikirii njia ya nyumbani. Unakata kona kwa fundi wa viatu, unapanda ngazi, unafika mlangoni macho yakiwa bado kwenye simu. Kazi hiyo hufanywa na sehemu ya ndani ya ubongo iitwayo striatamu. Hipokampasi nayo hukumbuka matukio: nani alikuwepo, alisema nini.

Wavutaji wanajua jinsi bangi inavyochezea hipokampasi. Unaanza stori, katikati unauliza, "Nilikuwa nasema nini tena?" Watu wanacheka. Upande wa striatamu ndio hauzungumziwi mtaani.

THC, kemikali inayolewesha kwenye bangi, hushika vipokezi viitwavyo CB1. Si kwamba viliwekwa pale kungojea ngwai! Ubongo hujitengenezea kemikali zake za aina hiyo, na moja, anandamaidi, iligunduliwa 1992. Striatamu ina CB1 tele, na huzihitaji kugeuza jambo ulilochagua kuwa jambo unalofanya tu.

Mwaka wa 2007 watafiti walitumia panya wasio na CB1. Walifunzwa kubonyeza kidude ili wapate chakula. Panya wa kawaida, wakishazoea, waliendelea kubonyeza hata wakiwa wameshiba chakula hicho. Wale wasio na CB1 walipunguza. Kisha 2012, panya waliopewa THC siku kadhaa hadi mwili ukaizoea walionekana kutekwa na mazoea haraka zaidi.

Panya si binadamu, kweli. Tena kuna majaribio ambapo dozi moja ilivuruga mazoea badala ya kuyajenga. Lakini wewe unayevuta kila siku na kusema "naweza kuacha wakati wowote," jiulize: ile ya jana uliitaka, ama ilikuwa tu saa kumi na mbili na mko palepale na mabeshte walewale?

Ukitaka kuacha, anza na hayo: badilisha saa, njia na kijiwe. Wiki mbili za kwanza unaweza kukosa usingizi na kukasirika ovyo. Picha za ubongo wa wavutaji wa kila siku zimeonyesha CB1 zilizopungua zikirudi karibu na kawaida baada ya wiki nne hivi bila bangi. Ukilemewa, piga 1192, laini ya NACADA. Ni bure.