Tronsonezi ikiimba sana, iko karibu kufa

Asubuhi moja ya mwezi wa sita hapa Kolwezi, baridi ya kukata masikio, ndugu yetu wa timu ya miti aliwasha tronsonezi ili akate miti ya kushikilia njia za chini. Motere iliimba kuliko siku zote, sauti juu, juu kabisa. Wote tulifurahi: leo iko na nguvu! Saa nne ikanyamaza palepale ndani ya mti. Kamba ya kuwashia haikuvutika tena. Pistoni ilikwama.

Shefu wa sutretan aliandika kwamba mashini imeharibiwa na mwenye kuitumia. Mwisho wa mwezi, feza ya pistoni na silindri ikakatwa kwenye mshahara wake. Mtu mwenye watoto sita, na masomo ilikuwa bado kulipwa.

Sisi madelege tuliomba mashini ifunguliwe mbele yetu. Pistoni ilikuwa na michubuko upande wa eshapma tu. Kama mafuta ya motere yangekosekana kwenye esansi, mara nyingi michubuko inazunguka pande zote. Hii ya upande mmoja ni alama ya joto. Kisha tukakamata turnevisi, tukafunga visi ya H polepole huku tunahesabu. Kitabu cha ile mashini kinasema ifunguliwe mzunguko mmoja. Tulikuta nusu. Mtu wa zamu ya jana yake, jua likiwa kali, aliifunga “ili ipate nguvu”. Aliyelipa hakuwahi kuigusa.

Njo maana tunaandika leo, juu ya wengi wetu, na vijana wetu wanaokata miti ya makala huko porini, tunatumika na hii mashini bila kujua visi zake.

Kwa gari, mafuta ya motere iko na fasi yake chini. Kwa tronsonezi hakuna. Mafuta inapita ndani ya esansi ileile. Ukipunguza esansi, umepunguza na mafuta inayolainisha pistoni, na joto linapanda. Karbiratere ndiyo inachanganya esansi na hewa, na inakuwa na visi tatu. H ni ya gazi ya mwisho. L ni ya ralanti na ya kupandisha gazi. Ya tatu, Stihl wanaiandika LA na Husqvarna T, inapandisha ao kushusha ralanti tu. Kwa H na L, kufunga kuelekea kuume ni kupunguza esansi, kufungua kuelekea kushoto ni kuongeza.

Na hewa yetu si ileile kila fasi. Kolwezi iko juu, zaidi ya metre 1.400, hewa ni nyepesi. Kalemie, kando ya ziwa, iko chini ya metre 800. Tronsonezi iliyopangwa huku ukiipeleka kule bila kuigusa, inapata hewa nyingi na esansi kidogo. Baridi inafanya vilevile: hewa ya asubuhi ya mwezi wa sita ni nzito kuliko ya saa nane mchana. Ile visi iliyofungwa juani ilikuwa mbaya tayari. Baridi ya asubuhi ikamaliza.

Mbele ya kugusa visi, safisha filtre ya hewa. Ukipanga karbiratere na filtre chafu, siku utakayoisafisha hewa itaingia kwa wingi na motere itaungua. Kisha angalia esansi. Ile ya Bakadafi wa kando ya barabara pengine imechanganywa na petroli ya taa. Kwa kipimo cha 1 kwa 50, litre moja inaomba mililitre 20 ya mafuta ya de-tan: serengi moja kubwa ya dispanseri. Wako wanaozidisha mafuta wakifikiri wanaichunga mashini. Hapana, ile mafuta ya ziada inakamata fasi ya esansi.

Pasha motere moto kwa kukata mti dakika chache. Anza na L: itafute pale ralanti inapokwenda mbio zaidi, halafu fungua kidogo tena. Bonyeza gazi. Ikisita ao ikizimika, ongeza esansi. Ikitoa moshi mwingi na kupanda kwa uvivu, punguza. Kisha shusha LA mpaka shene isimame kabisa na motere iendelee kuzunguka. Hapa hakuna mchezo. Shene inayotembea kwenye ralanti inakata paja la mtu anayehama kutoka mti mmoja hadi mwingine. Ikikataa kusimama, resori za ambreyaji zimechoka: weka mashini chini, ata shefu akipiga kelele.

H ni ya mwisho, na hapo sikio ndilo linatumika. Gazi ya mwisho hewani, sekunde chache tu. Sauti nzuri ni ya kugugumia, kama mtu anayesukutua maji kooni. Ikiingia kwenye mti inasafika na kuvuta. Kama hewani tayari ni safi na nyembamba, ile ya kuimba, achia gazi na ufungue H mara moja. Buji itasema kama umefanya sawa: kahawia ni muzuri, nyeupe ni joto, nyeusi na maji ni esansi nyingi. Ya nyeusi inapoteza esansi. Ya nyeupe inapoteza mashini.

Mashini za sasa nyingine zinajipanga zenyewe kwa elektroniki, hizo hazina visi za kuchezea. Na kama sauti inabadilika kila saa ijapokuwa umepanga vizuri, mpira wa karbiratere umepasuka ao joen zinavuta hewa. Usifunike ile kwa visi.

Wako wandugu waliotuuliza kama tronsonezi iliyopangwa vizuri inaweza kushuka shimoni kukata miti hukohuko. Hapana, wala pompi ya esansi. Moshi wake una gazi isiyo na harufu, inalaza mtu na haamuki. Hakuna visi ya kuiondoa. Miti ikatwe juu, ishuke imekwisha kupimwa.

Ndugu yetu amerudishiwa nusu ya feza yake. Nusu ingine tunaendelea kuidai. Tuliomba pia daftari ikae pamoja na mashini: nani amegusa visi gani, mizunguko ngapi, saa ngapi. Zamu ya asubuhi inaandika. Zamu ya mchana, paka leo, haijaandika ata mustari mumoja.