Bweni la Ulaya: Deka, kufuli lako mwenyewe na viza ya kukutoa jasho

Zile video unazotazama usiku ukiwa umelala Umoja ama Bamburi huonyesha Mnara wa Eiffel, kikombe cha kahawa na msee mwenye begi kubwa mgongoni akitabasamu. Kitanda hazionyeshi. Basi wacha nikuonyeshe mimi: ni deka ya chuma, chumbani mko wanane, na jamaa aliye juu yako anakoroma kama lori la mchanga likipanda Mai Mahiu.

Kama ulisoma shule ya bweni hapa kwetu, mtihani huo uliupita ukiwa Kidato cha Kwanza. Hosteli za Ulaya huendeshwa vivyo hivyo. Hukodi chumba, unakodi kitanda. Bafu ni la wote, jikoni ni ya wote, na kila mtu ana kabati lake la kufungia vitu. Tofauti ni kwamba hakuna kengele ya alfajiri wala mwalimu wa zamu, ingawa wazo lenyewe lilitoka kwa mwalimu. Richard Schirrmann, Mjerumani, alikuwa na mazoea ya kutembeza wanafunzi wake mashambani. Mwaka 1909 mvua kubwa iliwakuta njiani wakajisitiri katika jengo la shule, na hapo akawaza: mbona shule zinazokaa tupu likizoni zisiwe malazi ya vijana wasafiri? Mwaka 1912 hosteli ya kwanza ikafunguliwa ndani ya ngome ya Altena, magharibi mwa Ujerumani. Ngome hiyo ingali imesimama.

Kwa hivyo kulala si shida. Shida ni kufika.

Mjerumani au Mmarekani wa umri wako akiamua leo kwenda Prague, anapakia begi na kuondoka. Wewe una pasipoti ya Kenya, kwa hivyo safari yako inaanzia kwenye foleni ya viza ya Schengen. Viza hiyo moja inakupitisha nchi 29, tangu Bulgaria na Romania zilipoingia kikamilifu Januari 2025. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima. Tukipiga hesabu kwa Sh150 kwa euro, hiyo ni Sh13,500, na bado kuna ada ya kituo kinachopokea fomu. Ukinyimwa viza, pesa hizo hazirudi. Isome tena hiyo sentensi kabla hujamwambia mama auze mbuzi.

Unaomba kwa ubalozi wa nchi utakayolala siku nyingi zaidi. Kama siku zinalingana, ni ile utakayoingia kwanza. Wako wasee wanaoomba kwa nchi wanayosikia "ni rahisi", halafu hoteli zote kwenye karatasi ziko kwingine. Afisa anajua kusoma ramani, usimchukulie poa. Fomu hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Usingoje mwisho. Jibu kwa kawaida huchukua siku 15 lakini linaweza kuvutwa hadi 45, na kupata tu nafasi ya kupeleka fomu wakati watu wanakimbilia kiangazi cha Ulaya ni kazi ya kuamka usiku.

Kisha kuna bima ya matibabu ya safari, isiyopungua euro 30,000, yaani Sh4.5 milioni. Usiruke, hulipi hizo. Hicho ni kiwango ambacho bima inapaswa kugharamia ukiumia, na malipo yako wewe ni kidogo sana. Weka pia nafasi za hosteli ambazo unaweza kuzifuta bila kutozwa, ili usipoteze pesa za vitanda kabla jibu halijatoka.

Sasa tufike pale panapotuuma. Kwenye barua ya kukataliwa kuna sababu kadhaa zilizochapishwa tayari, afisa anaweka alama tu. Sababu ambayo vijana wengi wanaijua kwa moyo ni ile inayosema kuna shaka iwapo utaondoka Ulaya kabla viza yako kuisha. Kwa lugha ya mtaani: hatuamini utarudi. Na nusu yetu tunaishi kwa hasla. Hatuna barua ya mwajiri, hatuna hati ya mshahara, wengine hata cheti cha chuo hatukumaliza kukitafuta. Pesa zinaingia M-Pesa asubuhi na kufika jioni zimeshatoka. Je, mtu kama huyo anaweza kupata viza? Anaweza, lakini anajengea ombi lake mapema. Kama unauza nguo mtandaoni ama unapiga picha za harusi, sajili biashara, lipia leseni ya kaunti, wasilisha marejesho ya ushuru KRA hata kama ni madogo, na uanze kupitishia mapato benki miezi sita kabla. Afisa anataka kuona maisha yanayokungoja huku. Pesa nyingi zikitokea benki wiki moja kabla ya kuomba, hazimwambii kitu kizuri.

Na yule ajenti wa River Road anayekuahidi taarifa ya benki "safi" kwa elfu kumi, mkimbie. Maombi huhifadhiwa kwenye mfumo wa pamoja kwa miaka mitano. Ukidanganya Wahispania leo, Wajerumani wanaona kesho. Ajenti atabadilisha laini ya simu, wewe jina utabaki nalo.

Haya, tuseme imetoka. Angalia kama ni ya kuingia mara moja ama mara nyingi. Uingereza na Ireland haziko Schengen, kwa hivyo London ni viza nyingine na ada nyingine. Na ukiwa na ya kuingia mara moja kisha uvuke kwenda Albania kuona bahari, utakuwa umejifungia mlango nyuma yako.

Kuhusu miji, maoni yangu ni haya na utanisamehe: Paris na Amsterdam ni za kupita. Bei ya kitanda kimoja Amsterdam Jumamosi ya Julai inaweza kukulaza Kraków au Budapest usiku kadhaa. Isitoshe Amsterdam inaongeza kodi ya wageni ya asilimia 12.5 juu ya bei ya malazi. Berlin nayo ni asilimia 7.5. Kodi hizi mara nyingi hazionekani kwenye bei ya kwanza unayoiona kwenye simu, unaambiwa mapokezini ukiwa umechoka na huna pa kukimbilia. Mashariki kuna majengo mazuri vilevile na tumbo linashiba. Kumbuka tu kwamba Poland wanatumia zloty, Wacheki koruna na Wahungaria forinti. Mashine ya pesa ikikuuliza kama utozwe kwa shilingi ama kwa pesa za pale, chagua za pale. Ukichagua shilingi, mashine inajipangia kiwango chake cha kubadilisha na wewe ndiye unayelia.

Kati ya mji na mji, mabasi ndiyo rafiki wa mtu wa bajeti, hasa ya usiku, kwa sababu yanakuokolea pesa za kitanda. Treni ni tamu lakini tiketi ukiinunua siku ya safari inachoma. Ipo pasi ya Eurail kwa sisi tusioishi Ulaya, lakini piga hesabu kwanza, kwa sababu kwa miji mitatu minne tiketi za kununua mapema huwa nafuu. Luxembourg hupandi kwa nauli kabisa. Tangu 2020 mabasi, tramu na treni za ndani ya nchi ni bure kwa yeyote, hata mgeni. Berlin kwa upande mwingine hakuna lango la kukuzuia kuingia treni ya mjini, na hapo ndipo Mkenya anaponaswa. Hakuna makanga, hakuna anayekugonga bega. Halafu watu wawili wenye nguo za kawaida wanasimama na kutoa vitambulisho. Huna tiketi, ni euro 60. Hiyo ni Sh9,000 za nauli ambayo ungelipa kwa sarafu.

Turudi bwenini. Beba kufuli lako, kwa sababu hosteli nyingi hutoa kabati bila kufuli, na zinakuuzia moja kwa bei ya kunyanyasa. Beba ndara za bafuni, taulo jembamba linalokauka haraka, viziba masikio, na kichwa cha chaja cha pini mbili za mviringo. Plagi zetu za pini tatu hazitoboi ukuta katika nchi nyingi za Ulaya. Dada yangu, hosteli nyingi zina vyumba vya wanawake pekee, bei ikizidi kidogo. Chukua. Inua godoro uangalie kunguni kabla hujatandika. Usione aibu, wazungu wenyewe wanafanya hivyo. Ukifika asubuhi kitanda hakiko tayari mpaka saa nane ama tisa, ila watakuwekea begi lako ukatembee. Na tafadhali, ukiondoka saa kumi na moja alfajiri, pakia jioni. Kelele za mfuko wa plastiki gizani zimewahi kuvunja urafiki wa mataifa.

Jikoni ndiko utakakookoa pesa na ndiko utakakopata watu. Andika jina na tarehe yako ya kuondoka kwenye chakula chako kabla ya kukiweka kwenye friji, la sivyo kitatupwa. Kuna rafu ya vitu vya bure vilivyoachwa na wanaosafiri: tambi, chumvi, mafuta, mchele wa kikombe kimoja. Anzia hapo kabla hujaenda dukani. Ukibeba kilo ya unga wa ugali utakuwa maarufu chumbani kwa usiku mmoja, nakuhakikishia, hata kama wataishia kuula kwa uma. Ujerumani usitupe chupa. Ya plastiki ama mkebe wa soda una amana ya senti 25, unarudisha kwenye mashine ya supamaketi. Chupa nne ni euro moja. Roma usinunue maji kabisa. Barabarani kuna zaidi ya chemchemi 2,000 za chuma zinazotiririka mchana na usiku, maji baridi na safi. Makumbusho ya serikali nchini Italia ni bure Jumapili ya kwanza ya mwezi, na Prado pale Madrid huachia watu bure saa mbili za mwisho kabla ya kufunga.

Kuna jambo ambalo wale wa video hawalisemi kwa sababu haliwahusu. Septemba 2024 Ujerumani ilirudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu, na nchi zingine pia hufanya hivyo mara kwa mara. Basi linasimama saa tisa usiku, polisi wanapanda na tochi, na macho yao yanatua kwako kabla ya kufika kwa yule mwenye nywele za dhahabu aliyekaa dirishani. Inaudhi. Utajisikia mshukiwa mbele ya watu hamsini. Ila jipange: pasipoti iwe mfukoni, isiwe kwenye begi lililo chini ya basi. Nakala za bima, tiketi ya kurudi na malazi ziwe kwenye simu na kwenye karatasi. Jibu maswali kwa ufupi, kisha lala tena kama utaweza.

Hesabu ya wiki mbili, kwa makadirio yangu ya mtu asiyenunua nguo wala bia: kitanda euro 25 kwa usiku, chakula euro 15 kwa siku, mabasi na tramu euro 200. Jumla euro 760, yaani Sh114,000. Ongeza viza, bima, na ndege, ambayo peke yake inaweza kufikia nusu ya gharama yote. Ni pesa za kuanzisha kibanda. Sikwambii usiende, ila kama njia pekee ya kuzipata ni mkopo wa simu ama pesa za chama ambazo zamu yako haijafika, Ulaya haihami.

Na kuna wale wanaopanga kwenda "kutembea" na kupotelea huko huko. Oktoba 2025 Ulaya ilianza kutumia mfumo wa kompyuta unaosajili picha yako, alama za vidole, siku uliyoingia na siku uliyotoka. Zamani ilitegemea muhuri ambao wino wake unafutika. Sasa mashine inahesabu. Hata wewe usiye na nia hiyo soma stika yako vizuri. Kuna tarehe mbili, mwanzo na mwisho, halafu kuna mstari mwingine wa idadi ya siku. Tarehe zinaweza kuonyesha mwezi mzima huku mstari wa siku ukisema 15. Siku ndizo unazofuata, na siku ya kutua na ya kuondoka zote zinahesabiwa.