Kubadilika kwa anwani ya MAC

Anwani ya MAC (huitwa pia anwani ya maunzi) ni namba inayotambulisha kadi ya mtandao ya kompyuta, simu, printa au kifaa kingine ndani ya mtandao wa karibu, uwe wa waya au wa Wi-Fi. Namba hii huandikwa ndani ya kadi kiwandani, na kwa sababu hiyo mara nyingi hufundishwa kwamba haibadiliki. Kauli hiyo ni kweli kwa sehemu tu. Namba ya kiwandani kwa kawaida hubaki palepale, lakini namba ambayo kifaa hujitambulisha nayo mtandaoni inaweza kubadilishwa na programu. Katika simu nyingi za siku hizi hubadilishwa bila mwenye simu kufanya lolote.

Muundo

Anwani ya MAC ina biti 48, yaani baiti 6. Huandikwa kwa tarakimu 12 za mfumo wa heksadesimali, unaotumia 0 hadi 9 na herufi A hadi F, zikipangwa mbilimbili, kwa mfano 00:00:5E:00:53:01. Biti 48 zinatosha kutoa namba zaidi ya trilioni 281.

Kwa kawaida nusu ya kwanza ya anwani, yaani biti 24, humtambulisha mtengenezaji. Sehemu hiyo hugawiwa na IEEE, chama cha kimataifa cha wahandisi wa umeme na elektroniki. Nusu ya pili hupangwa na mtengenezaji mwenyewe, ambaye kwa kila kundi alilopewa anaweza kupata anwani 16,777,216. Kwa utaratibu huu kadi mbili hazipaswi kutoka kiwandani zikiwa na namba moja.

Asili

Ethernet, mtandao ulioanzisha anwani hizi, ilibuniwa kuanzia mwaka 1973 na Robert Metcalfe, David Boggs na wenzao katika kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox huko Palo Alto, California, Marekani. Katika mtandao ule wa kwanza anwani ilikuwa na biti 8 tu. Mwaka 1980 kampuni za Digital, Intel na Xerox zilitoa kanuni za pamoja za Ethernet zenye anwani ya biti 48. Lengo lilikuwa kwamba kadi iweze kuunganishwa na mtandao wowote bila kugongana na nyingine.

Jinsi anwani inavyobadilika

Ndani ya kadi ya mtandao mna kumbukumbu ndogo inayohifadhi namba ya kiwandani. Kompyuta inapowashwa, programu inayoendesha kadi husoma namba hiyo na kuiweka mahali pa muda pa kufanyia kazi. Data zinapotumwa hukatwa vipande vinavyoitwa fremu, na kila fremu hubeba anwani ya mtumaji na ya mpokeaji. Anwani ya mtumaji huchukuliwa kutoka mahali pale pa muda. Kwa hiyo mfumo wa uendeshaji ukiweka hapo namba nyingine, vifaa vingine vyote vitaiona hiyo mpya.

Jambo hili linafanana na gari. Namba ya chasisi imechongwa kwenye chuma, lakini aliye barabarani huona namba ya usajili tu. Namba ya usajili ikibadilishwa, chasisi inabaki ileile.

Katika Linux mabadiliko hayo hufanywa kwa amri ya ip link. Katika Windows hufanywa kwenye mipangilio ya kadi, ikiwa programu ya kadi inaruhusu. Mabadiliko yasipohifadhiwa kwenye mipangilio, namba ya kiwandani hurudi kompyuta inapowashwa upya. Baadhi ya kadi zina kumbukumbu inayoweza kuandikwa upya kwa programu maalumu, na hapo hata namba ya kiwandani inaweza kufutwa.

Anwani za kienyeji

Uwezekano wa kubadilisha anwani uliwekwa na wabunifu wenyewe. Katika baiti ya kwanza ipo biti moja inayoonyesha kama anwani imetolewa na mtengenezaji au imepangwa kienyeji na msimamizi wa mtandao. Anwani ya kifaa kimoja iliyopangwa kienyeji hutambulika kwa tarakimu yake ya pili, ambayo huwa 2, 6, A au E. Hivyo anwani inayoanza na 02 ni ya kienyeji, na inayoanza na 00 ni ya kiwandani.

Mfano wa zamani ni DECnet ya awamu ya nne, mfumo wa mtandao wa kampuni ya Digital, ambao uliipa kila kadi anwani mpya inayoanza na AA-00-04-00. Hata hivyo alama hii si ushahidi kamili, kwa sababu anayenakili anwani ya kadi nyingine huichukua pamoja na alama zake.

Faragha

Simu iliyowashwa Wi-Fi hutuma ujumbe wa kutafuta mitandao hata kabla haijaunganishwa na wowote. Ikiwa ujumbe huo una anwani ileile kila siku, mwenye vifaa vya kupokea anaweza kujua simu hiyo imepita wapi na saa ngapi. Mwaka 2013 ilibainika kwamba baadhi ya mapipa ya taka katika mitaa ya City of London, Uingereza, yalikuwa yakirekodi anwani za simu za wapita njia. Mwezi Agosti mwaka huo mamlaka ya eneo hilo ilitaka zoezi hilo likomeshwe.

Mwaka 2014 Apple ilianza kutumia anwani za kubahatisha wakati simu inatafuta mtandao, katika iOS 8. Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya mwaka 2020 zilifanya anwani ya kubahatisha kuwa kawaida hata simu inapounganishwa: kila mtandao huona anwani yake tofauti.

Matokeo katika usimamizi wa mitandao

Baadhi ya shule, ofisi na hoteli huruhusu vifaa kwa kutumia orodha ya anwani za MAC. Simu iliyosajiliwa kwa namba yake ya kiwandani inaweza kukataliwa, kwa kuwa mtandao unaona namba nyingine. Dawa yake ni kuzima anwani ya kubahatisha kwa mtandao huo mmoja katika mipangilio ya Wi-Fi.

Orodha hiyo pia haitoshi kuwa kufuli. Anwani za MAC husafiri hewani zikiwa wazi hata pale Wi-Fi ina nywila, na aliye karibu anaweza kuisoma ya mwingine na kuinakili. Mwaka 2010 wasimamizi wa mtandao wa chuo cha MIT, Marekani, walizuia anwani ya kompyuta ya Aaron Swartz, aliyekuwa akipakua makala nyingi mno za kitaaluma kutoka hazina ya JSTOR. Alibadilisha anwani na kuendelea. Mwaka 2011 alishtakiwa, na hati ya mashtaka ilitaja kitendo hicho. Alifariki Januari 2013 kabla ya kesi kusikilizwa. Ulinzi wa kweli wa Wi-Fi ni nywila imara na usimbaji wa data, kama vile WPA2 au WPA3.

Vifaa viwili vyenye anwani moja katika mtandao mmoja husababisha mawasiliano kukatikakatika, kwa kuwa data za kimoja hupelekwa kwa kingine. Vikiwa katika mitandao tofauti havidhuriani, kwa sababu anwani ya MAC haivuki ruta.

Tofauti na anwani ya IP na IMEI

Kubadilisha anwani ya MAC hakumfichi mtu mbele ya tovuti anazotembelea, kwani tovuti huona anwani ya IP. Wala si sawa na kubadilisha IMEI, namba inayotambulisha simu katika mtandao wa kampuni ya simu. IMEI ndiyo iliyotumika Tanzania mwezi Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ilipozima simu bandia. Kubadilisha IMEI ni kosa kisheria katika nchi nyingi, ilhali kubadilisha anwani ya MAC ya kifaa chako mwenyewe kwa kawaida si kosa. Kosa huweza kutokea pale anwani mpya inapotumiwa kuingia mtandao bila ruhusa.